Nene si pana: niliyojifunza kwa kushika shingo za besi

Wapiga besi wengi wa Dar es Salaam tumekomaa bila kuwahi kuchagua gitaa. Gitaa tulilikuta. Kwenye muziki wa dansi vyombo vilikuwa mali ya mwenye vyombo: NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyozaliwa 1978 ilianzia kwenye kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuhamia DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki akigombana na uongozi aliondoka na vidole vyake. Gitaa lilibaki stoo likimsubiri atakayefuata. Kanisani nilikokulia mambo yalikuwa hayo hayo. Besi ilikuwa ya kwaya, ufunguo wa kabati alikuwa nao mwenyekiti, na aliyetaka kujifunza aliomba kwa adabu.

Utaratibu huo una uzuri wake, maana mkono unazoea shingo za kila aina. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekuuliza kama shingo uliyopewa inakufaa. Ukisema unachoka, jibu ni moja tu: ongeza mazoezi. Mazoezi yanasaidia, sikatai. Lakini upo uchovu ambao hata ufanye mazoezi mwaka mzima hauondoki, kwa kuwa hautoki mkononi mwako, unatoka kwenye mti ulioushika.

Besi ya kwaya yetu ilikuwa ya kuiga Precision, besi maarufu ya kampuni ya Fender: shingo pana, vanishi nzito inayong'aa, nyuzi ambazo hakuna aliyekumbuka zilibadilishwa lini. Mimi nina kiganja kifupi. Pambio mbili tatu za kusifu zikiunganishwa, nilianza kusikia moto kwenye ile nyama iliyo chini ya dole gumba, moto unaopanda taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baadaye nilipoingia bendi ya dansi, ambako ukumbini tunaanza saa tatu usiku na kumaliza saa tisa, moto ule nilihamia nao. Nyimbo za taratibu nilizimudu. Kwenye chemko, pale magitaa yanapochanganya na besi inarudia mzunguko ule ule bila kupumua, ndipo mkono ulipoanza kukakamaa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyepiga besi enzi za kumbi za Ilala na Magomeni. Alikuwa amekaa meza ya mbele, soda mkononi, akiniangalia mkono wa kushoto badala ya kusikiliza. Wakati wa mapumziko nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo dole gumba lako unalilipa mshahara?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Linafanya kazi ya vidole vinne," akasema. "Unaikaba shingo. Hebu shika besi hapa, halafu toa dole gumba kabisa. Piga."

Nikajaribu. Ukiegemeza kigasha cha mkono wa kulia juu ya kiwiliwili cha gitaa, shingo inabaki pale pale, na vidole vya kushoto vinaweza kubonyeza nyuzi kwa kuvutwa na uzito wa mkono wenyewe. Sauti ilitoka. Haikutoka vizuri, lakini ilitoka, na nikaelewa kwamba dole gumba ni la kuongoza tu, si la kubana.

Kisha akaongeza neno ambalo sikulitegemea. Nilidhani atasema nitafute gitaa lenye shingo nyembamba. Akasema kinyume chake: "Mpini wa jembe ukiwa mwembamba, mkono unaukaba. Ukiwa wa kujaa kiganja, mkono unaushika tu."

Ilichukua muda kabla sijaamini, kwa sababu kila duka la vyombo nililoingia Kariakoo lilinifundisha vingine. Huko sifa ya kwanza ya besi ni wembamba wa shingo. "Kaka, shika hii, nyembamba, utaruka nayo." Na kweli ukiishika dakika mbili unaruka nayo. Muuzaji hana haja na saa ya pili ya chemko.

Nilipoanza kutafuta besi ya kwangu mwenyewe, nilimwazima fundi wa karakana jirani venia yake, kile kipimo cha kubana chenye meno mawili, nikawa natembea nacho begini. Wauzaji walinicheka. Walidhani nimetumwa na serikali. Lakini kipimo kile ndicho kilichonionyesha kwamba sisi sote, wauzaji na wapigaji, tulikuwa tukiita "nyembamba" vitu viwili visivyofanana.

Kuna upana, yaani umbali wa kutoka ukingo wa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, hadi ukingo wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote. Huu hupimwa kwenye kile kijiti chenye mifuo minne kichwani mwa shingo, nyuzi zinapoanzia. Na kuna unene, yaani kina cha shingo kutoka uso wenye freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, hadi mgongoni, pale kiganja kinapokaa. Shingo inaweza kuwa nyembamba kwa upana na nene kwa kina. Inaweza pia kuwa pana na bapa. Mkono hauzipokei sawa hata kidogo.

Mfano mzuri uko kwenye magitaa mawili ambayo karibu besi zote tunazoziona zimeyaiga. Fender walitoa Precision mwaka 1951, kisha Jazz Bass mwaka 1960. Jazz ina kijiti cha inchi moja na nusu, milimita 38 na kidogo. Precision ya zamani ni inchi moja na robo tatu, zaidi kidogo ya milimita 44. Nyingi za siku hizi zimeletwa katikati, kwenye milimita 41. Miaka ya 1960 kiwanda kiligonga herufi kwenye kisigino cha shingo kutofautisha upana: A ilikuwa ile ya inchi moja na nusu, B ya katikati, C ile pana. Ukikuta Precision yenye A, basi ina shingo ya upana wa Jazz. Milimita sita zinaonekana kama si kitu mpaka uzipime kwa kidole kidogo kinachotafuta uzi wa E freti ya kwanza.

Sasa, watu husema Jazz ina shingo nyembamba, na mimi nilisema hivyo hivyo miaka mingi. Venia ikasema vingine. Nilizopima zilikuwa finyu kichwani lakini mgongo wake umejaa, nyingine nene kuliko Precision iliyotundikwa pembeni yake. Nyembamba kweli kwa kina ni shingo za SR, ukoo wa besi ulioanzishwa na kampuni ya Ibanez mwaka 1987. Ile ya nyuzi nne imechapishwa na kiwanda chenyewe: upana milimita 38 kwenye kijiti, unene milimita 19.5 kwenye freti ya kwanza na 21.5 kwenye freti ya 12. Mtu akikwambia "ina shingo ya Jazz" huku anakuuzia SR, au kinyume chake, amepatia upana na kukosea unene.

Hizo SR nimezipiga sana, maana mwenzetu wa bendi alikuwa nayo na aliniazima kila aliposafiri. Nasema wazi: ni gitaa jepesi, linaenda haraka, na kwa nyimbo zinazopanda na kushuka shingoni ni raha tupu. Kwa mkono wangu lakini, kiganja kilikuwa kinaelea. Hakikuwa na cha kuegemea. Dole gumba likawa karibu mno na vidole, na kadiri linavyokaribia ndivyo linavyobana bila kuulizwa. Ukitaka kulihisi hili bila gitaa, bana kadi ya simu kati ya dole gumba na cha shahada kwa nguvu, halafu bana chupa ya maji. Sikia ni ipi inakaza ile nyama ya chini ya dole gumba.

Mwenzangu yule, mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda, anapiga SR hiyo hiyo hadi alfajiri bila kulalamika. Dole gumba lake amelilaza katikati ya mgongo wa shingo, limenyooka, na vidole vinashuka kutoka juu. Mimi nakumbatia zaidi, dole gumba langu hupanda kuelekea ukingo. Kwa mtu anayekumbatia, shingo ya mviringo iliyojaa inamfaa. Kwa anayelaza dole gumba katikati, mgongo bapa unampa pa kulilaza. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si shingo ina unene gani. Ni wewe unashikaje. Na ukitaka kujua unashikaje, mwombe mtu akupige picha ya mkono kwa nyuma ukiwa jukwaani, usiku umeshazeeka, kwa sababu mtu akiwa nyumbani mbele ya kioo hushika kama alivyofundishwa.

Umbo la mgongo ni jambo la tatu, na hilo venia haikuambii. Wenye viwanda hulieleza kwa herufi: C ni mviringo wa kawaida, D ni bapa mgongoni na mabega, yaani kando zake mbili, yamejaa, U ni kina kirefu chenye kuta zilizosimama, V ina mgongo uliochongoka. Shingo mbili zenye unene ule ule kwa milimita zinaweza kukupa hisia mbalimbali kabisa, kwa sababu mabega ndiyo yanayogusana na kiganja. Nimekutana na D nyembamba iliyonichosha kuliko C nene. Kwenye hili sina kanuni ya kukupa zaidi ya kufumba macho na kupitisha mkono kutoka kichwani hadi freti ya 12 na kurudi, ukisikiliza mahali unapobadilisha mshiko. Ukibadilisha mshiko mara nyingi, shingo hiyo inakusumbua hata kama hujajua bado.

Kabla hujailaumu shingo lakini, hakikisha mgomvi wako ni shingo kweli. Hapa ndipo nimeona watu wakiuza magitaa mazuri kwa bei ya hasara.

Duka moja Kariakoo lilikuwa na besi ya mtumba iliyokaa ukutani muda mrefu. Kila aliyeijaribu alisema shingo nzito. Nilipoishika nikaona nyuzi zimekaa juu kiasi kwamba kidole kingepita chini yake kwenye freti ya 12. Nikabonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mwingine, nikachungulia katikati, karibu na freti ya nane. Uzi na freti vilikuwa vimeachana vibaya: shingo ilikuwa imepinda kwa kuvutwa na nyuzi. Kawaida mwanya huo unatakiwa uwe takribani milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, na kwenye moja ya ncha zake kuna mahali pa kuingiza spana ndogo ya pembe sita. Ukikaza kuelekea kulia, chuma kinaurudisha mti nyuma. Robo mzunguko, unaacha ikae, unapima tena. Kwa ruhusa ya mwenye duka tukafanya hivyo, tukashusha na vile vikalio vya nyuzi kule chini mpaka uzi mnene ukafika milimita mbili na nusu hivi juu ya freti ya 17. Shingo ikawa ile ile kwa milimita zote, lakini mkono ukadhani ni gitaa jipya. Mwenye duka akapandisha bei hapo hapo mbele yangu. Sikununua.

Mifuo ya kijiti nayo ina lake. Ikiwa haijachimbwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu kwenye freti za kwanza kwanza, na hapo ndipo mikono midogo hupata shida. Kipimo rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, angalia freti ya kwanza. Uzi unatakiwa ukaribie kuigusa kabisa. Ukiona pengo kubwa, ni kazi ya fundi mwenye tupa ndogo, tena fundi anayejua, maana mfuo ukichimbwa kupita kiasi uzi unaanza kulialia na huwezi kuurudishia mti.

Mgomvi mwingine anayejificha nyuma ya shingo ni uzito wa kichwa. Vaa mkanda, simama, achia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikizama kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa na kazi mbili usiku kucha, kubonyeza na kunyanyua, na utasema shingo ni nene. Mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani usioteleza unapunguza tatizo, hauliondoi. Besi zenye kiwiliwili chepesi na vikaza nyuzi vikubwa vya chuma ndizo zenye tabia hii zaidi. Mimi jaribio hili nalifanya kabla hata ya kuchomeka waya kwenye amplifaya, na wauzaji wananijua kwa hilo.

Halafu kuna urefu. Besi za kawaida zina urefu wa inchi 34, milimita 864, kutoka kwenye kijiti hadi nyuzi zinapokalia. Kwa urefu huo, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13. Kwenye besi fupi za inchi 30, milimita 762, umbali huo unashuka hadi sentimita 11 na nusu. Mtu anayelazimisha kidole kimoja kwa kila freti kule chini anaunyoosha mkono mpaka kifundo kinapinda, na kifundo kikipinda nguvu za vidole zinapotea. Wapiga besi kubwa ya kusimama walishalitatua hili zamani. Franz Simandl, mwalimu wa besi hiyo aliyefariki 1912, alifundisha vidole vitatu: cha shahada, cha kati, na kile kidogo kikisaidiwa na cha pete. Mimi kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano natumia hivyo. Ukianza kutumia vidole kwa mtindo huo, shingo uliyoiona nene inapungua, kwa sababu mkono hautandazwi tena.

Mizunguko ya dansi inaruhusu sana mtindo huu. Besi yetu hutembea kwenye noti ya msingi, ya tano na ya nane, na ile ya nane iko freti mbili juu na nyuzi mbili kando: kidole cha shahada na kidogo vinatosha. Wanaopiga jazi au nyimbo za injili za siku hizi zenye noti nyingi wana mahitaji mengine, na sitawasemea.

Ingawa hao wa injili wameniletea swali la nyuzi tano. Kila kanisa sasa linataka ule uzi wa B wa chini unaotikisa madirisha. Shingo ya nyuzi tano ina upana wa kati ya milimita 45 na 48 kwenye kijiti, na hapo hesabu inageuka: upana ukishakuwa mkubwa hivyo, unene mwingi unakuwa mzigo, kwa sababu dole gumba lina safari ndefu mno kuzunguka. Kwenye nyuzi tano na mimi nachagua bapa. Anayesema anapenda shingo nene bila kusema ni ya nyuzi ngapi hajamaliza sentensi.

Nirudi kwenye jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisemi kwa uzito unaostahili: jasho. Shingo yenye vanishi ya kung'aa ni nzuri dukani kwenye kiyoyozi. Mwezi wa pili, ukumbini Dar, feni moja na watu mia tatu, vanishi ile inanata. Mkono hauteremki, unakwama, unang'oka, unakwama. Wapigaji wengi husema shingo hiyo ni "nzito" au "nene", wakati tatizo ni ngozi yake. Shingo zilizomalizwa kwa mafuta au vanishi isiyong'aa huruhusu kiganja kuteleza hata kikiwa kimelowa.

Kwenye besi niliyonayo nilisugua mgongo wa shingo kwa msasa laini, namba 400 na kupanda, kutoka juu kwenda chini tu, kufuata mistari ya mti. Sikuimaliza vanishi, niliondoa mng'ao. Kazi ya jioni moja, ukiwa na redio. Ila usitumie stilwaya bila kuzifunika pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwa tepu ya karatasi, kwa kuwa zina sumaku na vumbi la chuma likiingia humo halitoki. Na kama gitaa ni la zamani na la thamani, usiliguse. Mnunuzi wa kesho atalipa pungufu kwa kila ulichokwangua.

Hali ya hewa inabadilisha hisia kwa njia nyingine pia. Tulipokwenda Dodoma wakati wa kiangazi, siku ya pili nikahisi ukingo wa shingo unachoma kama una miba. Mti wa pwani umezoea unyevu. Ukipelekwa kwenye ukavu unasinyaa kwa upana, chuma cha freti hakisinyai, ncha zake zinatokeza nje. Mkono unachubuka na wewe unaona shingo imekuwa pana ghafla. Tuliporudi Dar zikajificha tena zenyewe, lakini safari iliyofuata nilikuwa nimeshampelekea fundi azipige tupa kidogo. Ukinunua besi ya mtumba iliyotoka nchi yenye majira ya baridi na nyumba za joto kavu, pitisha kidole ukingoni kwanza.

Watu huniuliza pia kuhusu mti wa uso wa shingo, hasa vijana waliosikia kwamba mpingo wetu wa Lindi na Kilwa ndio unaotengenezewa klarineti huko Ulaya, na kwamba ni wa ukoo mmoja na ile miti ya rangi ya kahawia iliyozoeleka usoni mwa magitaa. Ni kweli, ni ukoo mmoja. Ningefurahi sana kuona fundi wetu akitoa shingo yenye uso wa mpingo. Kwa hisia ya mkono lakini, uso hauna usemi mkubwa: kidole kinakanyaga uzi na uzi unakanyaga freti. Kinachosikika usoni ni mviringo wake. Fender za zamani zina mviringo mkali, nusu kipenyo cha milimita 184; za siku hizi 241, na nyingine hufika 305, karibu bapa. Mimi huo mviringo nautambua ndani ya wimbo mmoja, kisha nausahau. Mgongo wa shingo sijawahi kuusahau.

Mwishowe nilichonunua ni besi ya mtumba ya nyuzi nne, upana milimita 41, mgongo wa C uliojaa, nene kuliko yoyote iliyokuwa dukani siku hiyo. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kabla ya kulipa niliomba kiti, nikakaa nayo mpaka wateja wawili watatu wakapita, nikirudia mzunguko mmoja wa chemko bila kusimama, sauti chini. Nyimbo za kuonyesha ufundi sikuzigusa. Hizo kila shingo inazimudu. Nilikuwa nasubiri ule moto chini ya dole gumba. Ulichelewa sana kuja, na ulipokuja ulikuwa mdogo. Nikatoa hela.

Dukani nashauri jaribio hilo moja tu, na wengi hawalifanyi kwa aibu. Wanapiga vipande vya kuwavutia waliosimama pale, dakika tatu, wananunua. Mpigie simu muuzaji asubuhi, nenda saa ambayo duka halina watu, mwambie ukweli kwamba unataka kukaa. Wengi wanakubali. Anayekataa ana maduka jirani.

Mwaka huu nimekuwa nikimsaidia binti mmoja wa kwaya, mfupi, vidole vidogo, mwenye sikio ambalo ningelipenda liwe langu. Kila mtu alimshauri shingo nyembamba. Tulipozunguka naye, zile nyembamba za inchi 34 zilimkunja kifundo vile vile, kwa sababu shida yake ilikuwa urefu. Akaja kuchagua besi fupi ya inchi 30 yenye mgongo mnene wa mviringo, kinyume na ushauri wa karibu kila mtu, na mkono wake ukatulia siku ile ile. Mwalimu wa kwaya anasema ni gitaa la mtoto. Nimemweleza kwamba Paul McCartney wa Beatles alinunua besi fupi ya Höfner kule Hamburg mwaka 1961 na akafanya nayo kazi inayojulikana dunia nzima. Akaniambia huyo si muumini wa usharika wetu. Tatizo la kweli ni nyuzi. Zenye kipimo hicho hazipatikani kila duka Kariakoo, na ukikata ndefu, sehemu nene inajizungusha kwenye kikazio na huweza kukatika hapo. Kwa hiyo zikionekana tunanunua seti mbili mbili, moja inakaa kwenye begi lake, nyingine ninayo mimi.